Gramu Mia Sita za Kupanda Nazo

Nyumba ya juu, 3 Mei

Kwa mpwa wangu Fundi,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Nakuandikia nikiwa nimenuna kidogo, kwa hiyo uuvumilie mwandiko.

Mama yako alipopanda huku mwezi uliopita alinikalisha kitako jikoni akanipa maneno ambayo ni dada mkubwa tu anaweza kumpa mwanamume wa miaka sitini na tatu. Eti tangu baba yako apasuliwe nyonga akaacha kuwinda nami, napanda mlima peke yangu na bunduki, na siku nikianguka wa kwanza kunikuta watakuwa kunguru. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana hivi: kila nikienda kuwinda nijirekodi video mwenyewe, mwanzo hadi mwisho bila kukata, na kadi niitume kwenu. Akiona jambo moja tu la kumtia hofu, kibali narudisha na bunduki naikabidhi ofisi ya wanyamapori. Nikamwahidi. Nimemwahidi kwa sababu najua hataona kitu. Na pia, usimwambie mtu, nataka shemeji yangu apande tena mlima, hata kama ni kwa kukaa kwenye kochi.

Sasa wewe ndiye unayekesha na kamera. Nichagulie. Sharti langu ni moja: vyote, pamoja na betri na kamba zake, visizidi gramu mia sita. Usinicheke. Nimepima mzigo wangu wote kwenye mizani ya jikoni. Kamba za begi zilizozidi nimezikata, mfuko wa darubini nimeuacha nyumbani, na mswaki nimeukata mpini. Muuzaji wa kule chini alinionyesha kamera kubwa kama birika akaniambia ni nyepesi. Nikamwambia ibebe wewe basi, mimi nitakufuata nyuma.

Niandikie, usinipigie. Huku simu inashika nikisimama juu ya tangi la maji, na isitoshe siku hizi ninyi wanawake mkipiga simu mnanong'ona tu. Gari la posta hupita Alhamisi.

Mjomba wako


Karakana, 9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimecheka hadi mteja akaniuliza kulikoni. Mswaki kweli?

Ulitaja kwenye simu mwaka jana kamera ya kufunga kwenye bunduki. Hiyo sikuletei. Mshindo wa risasi utaitikisa hadi picha iwe uji. Halafu inatazama kule mtutu unakotazama, wakati mama hataki kumwona paa, anataka kukuona wewe. Na siku moja ungeshawishika kuelekeza bunduki mahali ili upate picha tu, jambo ambalo ulinikanya mwenyewe nilipokuwa sijafika kiunoni kwako.

Nakutumia kamera mbili ndogo. Ya kwanza unaivaa kifuani kwa mkanda. Usiivae kofiani, kichwa cha mwindaji kinazunguka kama feni na Baba atapata kizunguzungu. Ya pili ina miguu mitatu ya kukunja. Ukikaa mahali kungoja, isimamishe hatua sita pembeni ikutazame wewe na kichaka kilicho nyuma yako. Hesabu ni hii: ya kifuani na mkanda wake 190, ya pili 160, miguu 110, betri tatu 75, maikrofoni 20. Jumla 555. Zilizobaki tia peremende.

Kale kataa kekundu ka kuonyesha kamera inarekodi nimekaziba kwa plasta nyeusi na mlio nimeuzima. Betri zikae mfuko wa ndani wa shati, baridi inazimaliza. Kadi ziandike namba.

Mama amesema kadi zije kwangu kwanza, maana mashine hizi na yeye hawaelewani. Baba hajasema neno. Tangu atoke hospitali mwezi wa kwanza ni mtu wa dirishani, anatazama magari yakipita. Ila nilipomwambia utakachofanya, aliinuka na fimbo yake akasukuma kochi likaitazama televisheni. Peke yake! Mama nusura amchape.

Mpwa wako,
Fundi


Nyumba ya juu, 24 Mei

Fundi,

Mzigo umefika. Nimeupima: 561. Plasta nyeusi hukuihesabu, mhalifu wewe.

Kadi namba moja ndiyo hiyo. Kwa saa mbili za kwanza mtaona kidevu changu na mkate, nilikuwa nimeivaa kamera juu chini. Baadaye nikajirekebisha. Paa mmoja nilimpata kwenye mteremko wa pili, risasi moja, hakuhangaika. Mwambie shemeji ni pale pale alipopoteza kofia yake.

Lakini hiyo maikrofoni yako imekufa. Usiku niliweka kadi nikasikiliza kwenye kamera yenyewe. Nasikia buti zangu, nasikia nikihema, nasikia nikikohoa. Ndege hata mmoja! Alfajiri nzima ya mlimani, kimya kama stoo. Nani alikuuzia kitu kile? Kairudishe.

Mjomba


Karakana, 1 Juni

Mjomba,

Kadi tumeitazama wote watatu. Mama amekaa na mikono kifuani tangu kidevu hadi paa, mwishoni akasema, “Haya, hii imepita.” Baba alitabasamu nilipomwambia habari ya ile kofia. Ni tabasamu la kwanza tangu mwezi wa kwanza, Mjomba, sikutanii.

Huku kwetu ndege wanasikika vizuri, kwa hiyo naona tatizo ni spika ya kamera, ni ndogo kama kifungo. Nakutumia spika za kuvaa masikioni. Na ili tusibishane, nimeongeza maikrofoni nyingine yenye manyoya ya kuzuia upepo. Gramu 18. Ile ya zamani itoe.

Fundi


Nyumba ya juu, 14 Juni

Fundi,

Wewe mtoto ni fundi au jina tu? Maikrofoni mpya, spika mpya, na bado sisikii kitu zaidi ya kuhema kwangu. Nimezivaa zile spika mpaka masikio yakauma. Upepo nausikia. Ngurumo ya mbali naisikia. Ndege bado mmekaa nao huko mjini.

Kadi namba mbili ni ya siku ya mvua, nilirudi mapema. Namba tatu nilikaa saa tatu chini ya ule mwamba mrefu, kamera ya miguu pembeni kama ulivyoagiza, na sikuona hata sungura. Nilikula mkate wangu nikashuka. Mwonyeshe dada akikosa usingizi.

Niko mzima, sina neno. Msalimie shemeji.

Mjomba


Karakana, 21 Juni

Mjomba wangu,

Barua hii nimeichana mara mbili, hii ni ya tatu. Naomba uisome umekaa.

Jumamosi mama alikwenda sokoni, mimi na Baba tukaweka kadi namba tatu. Dakika ya hamsini na moja umekaa, mgongo kwenye kichaka, unafungua karatasi ya mkate. Nyuma yako majani yanaanza kuchakarika. Nilidhani ni upepo. Halafu nikasikia watoto wa nguruwe pori wakilia, kile kilio chao chembamba, wengi, wazi kabisa. Hukugeuka. Baba akasema, “Kulia, shemeji.” Hukugeuka. Akapaza sauti, “Kulia! Kulia kwako!” huku mkono wake umenyooka kuelekea televisheni na fimbo imeanguka chini.

Mama yao akatokea, Mjomba. Jike kubwa, na watoto watano. Alisimama nyuma yako hatua nne. Nimezihesabu kwenye picha. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba nguruwe jike mwenye watoto haogopwi tu, anakimbiwa. Alisimama nusu dakika anakutazama kisogoni, wewe unatafuna. Kisha akawapitisha watoto wake upande wa pili, wakapotea. Ukajipangusa makombo.

Maikrofoni ni nzima. Zote mbili. Nimezipima mezani kwangu, zinanasa hata nzi.

Nilimgeukia Baba nikamuuliza, “Ulijua?” Akaomba nimwokotee fimbo. Kisha akaniambia kwamba wewe unasikia sauti nzito, nyembamba zimekutoka. Ndege, majani, vilio vya wanyama wadogo. Ni miaka kumi na moja sasa. Ndiyo maana alikuwa hatembei mbele. Alikuwa nyuma yako, akisikia kitu kushoto anakugusa bega la kushoto, akisikia kulia anakugusa la kulia. Anasema wewe uliamini ni ile adabu ya wawindaji ya kutopiga kelele, na kila mnyama ulidhani umemsikia mwenyewe.

Mama hajaiona kadi hii. Nimeificha kwenye droo ya skrubu. Sijawahi kumficha mama jambo zito hivi. Lakini ahadi ni yako, si yangu. Sitamwonyesha mpaka uniandikie.

Nisamehe kwa kukwambia. Kunyamaza ndiko nisingejisamehe.

Mpwa wako akupendaye


Nyumba ya juu, 28 Juni

Kwa Fundi,

Masikio haya yamesikia kabla mama yako hajaolewa. Nguruwe alikuwa upande wa upepo, hakuna ambaye angemsikia. Na baba yako akae na hadithi zake.

Kamera zako zimo kwenye boksi, gari la posta likija nakurudishia.

Mjomba


Nyumba ya juu, 19 Julai

Kwa shemeji yangu,

Pole na nyonga. Barua hii ni yako, ila mtoto anaweza kukusomea, sina cha kumficha tena.

Wiki tatu nimekuwa mbaya. Alhamisi ile gari la posta lilipokuja nilitoka na boksi mikononi. Yule mama dereva unamjua, hana simile. Nikamwambia, hebu vaa hizi spika, uniambie unasikia nini. Nilitaka shahidi, shemeji, nikuandikie wewe na binti yako kwamba kifaa ni kibovu. Akavaa. Hakumaliza dakika. Akazivua akasema, “Lo, zima bwana, ndege wote hao, kama wanagombana!”

Nilikaa kwenye kizingiti. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nipeleke kliniki.

Daktari wa masikio ni binti mdogo anayeongea polepole, kumbe ananionea huruma. Alinifungia kwenye chumba, akanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilikuwa nabonyeza, nabonyeza, halafu kimya kirefu, nikadhani mashine imezimika. Nilipotoka akanionyesha karatasi. Haikuwa imezimika.

Sasa nina vifaa viwili masikioni. Gramu mbili na nusu kila kimoja. Mwambie Fundi na mizani yake kwamba hajawahi kunitafutia kitu chepesi hivyo. Siku ya kwanza nilishindwa kulala, friji inaimba, sakafu inalia, mimi mwenyewe nikitembea suruali inapiga kelele. Asubuhi nikafungua dirisha. Shemeji, ndege! Sikumaliza kufunga vifungo vya shati. Nilisimama pale nikiwasikiliza mpaka jua likaingia ndani.

Kisha nikapanda juu ya tangi nikampigia dada. Kumbe hamnong'oni. Nikamuuliza swali moja: daktari alimkataza mumeo kupanda milima lini? Akasema miaka mitatu iliyopita, tena mbele yake, daktari akagonga meza. Akaniambia alikulilia uache, ukamjibu, “Bado kidogo.” Hakuelewa bado kidogo ya nini.

Mimi nimeelewa. Misimu mitatu, nyonga inasagika, umepanda nyuma yangu ili niwe na masikio. Mimi nikigeuka nakucheka kwamba unachechemea kama bata. Nilikucheka, shemeji! Na wewe ukacheka nami.

Ningekuwa mwanamume ningeyasema haya mbele yako. Nimelia kama mtoto, na sasa nasikia kilio changu mwenyewe, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Kwa nini hukuniambia? Usinijibu, najua. Ungeniambia ningekununia msimu mzima, na kule juu ningekwenda tu, bila wewe.

Mwambie Fundi aitoe ile kadi droo ya skrubu amwonyeshe dada. Nilimwahidi akiona la kumtia hofu narudisha kibali. Aone. Akisema basi, ni basi.

Shemeji yako


Karakana, 27 Julai

Mjomba,

Shikamoo mara mbili, moja kwa kila sikio.

Mama ameiona. Nilikaa karibu naye nikiwa tayari na glasi ya maji. Nguruwe alipotokea akanishika paja hadi leo nina alama. Alipoondoka akasema, “Rudisha nyuma.” Nikarudisha. Akatazama tena. “Rudisha.” Mara ya tatu ndipo nikaona anatazama wale watoto watano, jinsi mama yao alivyowazuia kwa pua.

Kisha nikampa barua yako. Baba alikuwa ameshaisoma mara nyingi, imekaa mfuko wa shati lake hadi imelainika. Mama akaisoma amesimama. Akamgeukia Baba akamwambia, “Bado kidogo, eeh?” Baba akatazama fimbo yake. Nilidhani nyumba itawaka moto. Mama akaenda kumkumbatia palepale kwenye kochi, nami nikakumbuka nina kazi karakana.

Uamuzi wake ni huu, nauandika neno kwa neno: “Kibali abaki nacho. Ila mlimani peke yake hapandi tena, hata akiwa na masikio manne.”

Nikasema, basi mambo yameisha, nani wa kupanda naye? Hapo Baba, ambaye hajauliza swali nusu mwaka, akauliza: “Lile banda letu la kuwindia la chini, kwenye kijito, gari bado linafika hadi mlangoni?”

Linafika, Mjomba? Kama linafika, nakuletea mpiga picha. Na kwa kuwa atakuwa amekaa kwenye kiti, mimi na gramu zako tumeachana. Nampa ile kamera yangu ya zamani ya kilo mbili na lenzi ndefu kama mkono. Aibebe nani? Wewe, kutoka kwenye gari hadi kwenye kiti. Hatua tisa.

Fundi


Bandani, 16 Agosti

Kwa mwanangu,

Sisi wazima, tumeshiba na tunanuka moshi. Mimi si mtu wa kuandika, unanijua, lakini mjomba wako amesema kila anayekaa humu anaandika barua, na yeye ndiye mwenye kalamu.

Habari mbaya kwanza. Jumatano nguruwe dume alitoka kwenye matete, mkubwa, na mimi nilirekodi dakika arobaini bila kutikisika. Kumbe sikutoa kifuniko cha lenzi. Picha hakuna hata moja, ni giza tupu. Usimwambie mama yako, mwambie kamera ilipata homa.

Ila sauti ipo yote, sikiliza kadi hiyo kwenye spika zako kubwa. Utasikia kijito, utasikia kiti changu kikilalamika. Dakika ya thelathini na mbili utamsikia mjomba wako akisema kwa sauti ya chini, “Shemeji, kushoto kwako, anakanyaga majani makavu.” Mimi sikuwa nimesikia. Naapa sikuwa nimesikia kitu. Nilikaa kama dakika nzima ndipo nikasikia. Nilijisikia raha, mwanangu, sijui nikuelezeje. Miaka kumi na moja sijakaa porini nikapumzika.

Risasi utaisikia mwenyewe. Baadaye utasikia wazee wawili wakicheka ovyo, hiyo unaweza kuifuta.

Ana kero moja. Anasema nakoroma, na kwamba zamani sikuwa nakoroma. Nimemwambia zamani nilikoroma vilevile. Usiku anavivua vifaa vyake anaviweka kwenye kikombe, na wote tunalala vizuri.

Nyonga inauma asubuhi, ikipata jua inatulia. Natembea hadi kijitoni na kurudi, bila kusukumwa na mtu, maana kuna maji ya chai ya kuchota na mwenzangu anasema zamu ni zamu.

Ulisema unakuja kunichukua Jumapili. Usije kunichukua. Njoo ututembelee ukipenda, na mama yako, chakula kipo. Niletee dawa za mwezi mzima na zile soksi nene zilizo chini ya kitanda.

Baba yako